Mwongozo kamili wa kuchagua ndege ya doria ya mpakani: anzia kiti cha nyuma

Ndege nyingi za doria hununuliwa kuanzia mbele. Wakubwa wanaoneshwa chumba cha marubani, wanakalishwa kiti cha kushoto, wanapigwa picha, na kuanzia hapo mjadala mzima unakuwa wa mwendo na idadi ya injini. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwenye kiti cha nyuma anakokaa mwendesha kamera akikodolea skrini kwa saa nne mfululizo. Kutoka hapo unashuka chini kwa askari anayesubiri kuitwa redioni. Injini na rangi ya ndege vitakuja baadaye, kwa sababu ndege ya mpakani huwekwa angani ili mtu mmoja aliye juu amwongoze mtu mwingine aliye chini hadi afike mahali kwa wakati. Mahitaji ya hao wawili ndiyo yanayoichagua ndege.

Hesabu nitakazotumia ni za mfano. Badili namba uweke zako, hatua zibaki zilezile.

Hatua ya 1: Muulize askari aliye chini

Waite makamanda wa vituo vya mpakani uwape kisa kimoja. Ni saa tisa usiku. Ndege imeona watu kumi na wawili wenye mizigo wakivuka mto kwenye njia ya panya, kilomita 18 kutoka kituo cha karibu. Nani anaitwa, na kwa redio ipi? Ana gari lenye mafuta? Atafika baada ya muda gani?

Majibu yao ndiyo vipimo vya kwanza vya ndege yako. Kama gari linachukua dakika 90, ndege lazima ilizunguke kundi lile dakika 90 bila kulipoteza na bila kusikika. Kama redio za askari haziongei na redio za ndege, taarifa itapitia chumba cha oparesheni, na kila mkono inaopitia inazidi kupoa. Na kama kituo hakina askari wa zamu ya usiku, fedha ya kwanza iende huko. Ndege inayowaona walanguzi wasiokamatwa na mtu ni sinema ya bei mbaya.

Hapohapo kuwa mkali na maneno "matumizi mengi". Ndege ileile kweli inaweza kulinda mpaka asubuhi, kutafuta mtumbwi uliozama mchana na kumpeleka majeruhi hospitali jioni. Lakini orodha ikiachwa wazi itajazwa na kila idara, na mwishoni itaingia safari ya viongozi. Hiyo ndiyo inayoua mradi: viti vizuri vinafungwa, meza ya mwendesha kamera inang'olewa "kwa muda", na hairudi tena. Andika kazi kuu moja na uipe sehemu kubwa ya saa za kuruka. Kazi za ziada zikubaliwe kwa sharti moja, kwamba zinafanyika kamera ikiwa palepale ilipo, au mafundi wanaweza kubadili mpangilio wa ndani kwa muda mfupi unaotajwa kwenye mkataba na kupimwa kwa saa ya mkononi.

Hatua ya 2: Nunua saa za juu ya mpaka

Hapa ndipo mipango mingi inapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua ndege inayoruhusiwa kuruka na uzito wa kilo 4,000. Ikiwa tupu ina kilo 2,300. Kamera, rada, meza, nyaya na antena vinakula kilo 350. Marubani wawili na waendesha mitambo wawili, kila mmoja na vifaa vyake kilo 100, wanachukua 400. Umebakiwa na kilo 950 za mafuta. Tenga 150 za akiba, zinabaki 800. Injini ikinywa kilo 160 kwa saa, una saa tano angani.

Saa tano zinapendeza kwenye kipeperushi. Lakini kama eneo la doria liko kilomita 250 kutoka kiwanjani na ndege inakwenda kilomita 300 kwa saa, unatumia dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Juu ya mpaka unabaki na saa tatu na dakika 20. Hizo ndizo umelipia. Nyingine ni nauli.

Sasa aje mtu aseme anataka mpaka uangaliwe saa 24. Gawanya: safari saba na kidogo kila siku, saa 36 za kuruka kwa siku, zaidi ya 13,000 kwa mwaka. Ndege ya aina hii ikifikisha saa 1,000 kwa mwaka inafanya kazi vizuri sana. Utahitaji 13, kwa sehemu moja tu ya mpaka!

Hamisha kituo sasa. Weka mafuta, taa za njia ya kurukia na chumba cha kulala marubani kwenye kiwanja kidogo kilicho kilomita 50 tu kutoka eneo la doria. Kwenda na kurudi kunakuwa dakika 20, juu ya mpaka unapata saa nne na dakika 40, na mahitaji yanashuka hadi ndege tisa au kumi. Matangi ya mafuta na mabati machache yamefanya kazi ya ndege tatu. Kwa hiyo kabla hujafungua katalogi, fungua ramani ya viwanja.

Vikosi vingi huacha ndoto ya saa 24 na kufanya doria za kushtukiza: safari mbili kwa siku, nyakati zisizotabirika, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni saa 3,000, yaani ndege tatu na ya nne ya kuziba pengo nyingine ikiwa imefunguliwa kwenye hanga. Mlanguzi hahitaji ndege iwe juu yake kila saa ili aogope. Inatosha asijue itakuja lini.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa watu. Saa 3,000 zenye marubani wawili ni saa 6,000 za urubani. Kanuni za Ulaya zinamruhusu rubani wa ndege za biashara saa 900 kwa mwaka, lakini ukitoa likizo, mafunzo, homa na kazi za ofisini, saa 600 ndiyo namba ya kweli. Ni marubani kumi. Waendesha mitambo idadi ileile, na hao ndio wanaosahaulika kwenye bajeti.

Hatua ya 3: Pima joto la kiwanja chako

Vipeperushi huandikwa kwa hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Kiwanja chako huenda kiko futi 4,000 na alasiri kina nyuzi 35. Kwa mwinuko huo joto la kawaida la vitabu ni nyuzi 7, kwa hiyo umezidi kwa 28. Kila nyuzi inayozidi huongeza takriban futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege "inauhisi": 28 mara 120 ni 3,360. Ndege yako itaruka kama iliyo kwenye kiwanja cha futi 7,360. Bawa linapata hewa nyepesi, injini inapumua kwa shida, na njia ya kurukia iliyotosha asubuhi inakuwa fupi saa nane mchana.

Mtake muuzaji akupe jedwali la kuruka kwa joto la juu kabisa la kiwanja chako, ndege ikiwa imejaa mitambo na mafuta ya doria. Ya injini mbili, aoneshe pia kama injini moja ikizima itaendelea kupanda au itakuwa inatafuta pa kuangukia taratibu. Na kila kilo 100 za mitambo mtakazoongeza baadaye zitakula dakika 37 za mafuta kwenye mfano wetu wa juu.

Hatua ya 4: Kamera kwanza, na uihesabu mwenyewe

Muuzaji atasema kamera yake "inaona mtu kilomita 15". Muulize: inamwonaje? Kuna kuona kwamba kuna kitu, kuna kutambua kwamba ni mtu na si ng'ombe, na kuna kubaini kama amebeba jembe au bunduki. Mwaka 1958 John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, aliweka vipimo ambavyo hadi leo vinatumika. Kwa lugha ya nukta za skrini, kitu kinahitaji nukta 2 hivi kwa upana ili kionekane kipo, 8 ili kitambulike na 13 ili kibainike. Hapo tena nafasi ya kupatia ni nusu kwa nusu, kwa hiyo usivichukulie kama dhamana.

Hesabu yake inatoshea nyuma ya bahasha. Kamera ya joto yenye nukta 640 kwa upana, lenzi ikiwa imevutwa hadi pembe ya nyuzi 1, ikitazama umbali wa kilomita 5, inaona ukanda wa mita 87. Gawa kwa 640: kila nukta ni sentimita 13.6. Mtu mwenye upana wa nusu mita anapata nukta tatu na nusu. Utajua kuna kitu chenye joto, basi. Ili umtambue kuwa mtu lazima usogee hadi kilomita 2.3. Ili ubaini alichobeba, kilomita 1.4, na kwa umbali huo ameshasikia pangaboi na kulala kwenye nyasi.

Weka kamera ya nukta 1,280 inayotazama kwa pembe ileile, umbali unaongezeka mara mbili: kutambua kilomita 4.6, kubaini 2.8. Ndiyo maana nasema, bajeti ikibana, punguza ndege usipunguze kamera. Ndege ya kawaida yenye kamera kali inakamata. Ndege ya kifahari yenye kamera hafifu inalazimika kushuka chini na kujitangaza. Upande wa pili wa kosa hili ni mkulima anayewahi shambani alfajiri akazingirwa na magari kwa sababu ya nukta tatu na nusu.

Umbali ninaousema ni wa mshazari, kutoka kwenye ndege hadi kwa mtu. Ndege iliyo futi 8,000 juu ya ardhi iko tayari kilomita 2.4 mbali hata ikiwa utosini pake. Na usipime kwa macho ya mpimaji aliyepumzika. Pima kwa mwendesha kamera aliyefikisha saa ya tatu.

Kamera ya joto ina mambo yake. Haipenyi majani mazito, haioni kupitia kioo cha gari, na mara mbili kwa siku, baada ya jua kuchomoza na kabla ya giza kuingia, ardhi na vilivyo juu yake hukaribiana joto na picha inakuwa ya kijivu tupu. Hewa yenye unyevu mwingi huifupisha macho. Kama mpaka wako ni msitu mnene, usiamini kwamba kamera bora zaidi itakutatulia. Huko ndege huangalia kingo: vivuko vya mito, barabara za magogo, mahali watu wanapotokea.

Rada inaingia pale eneo linapokuwa pana, hasa majini. Kutoka futi 1,000 rada inafika upeo wa kilomita 72 hivi, na kutoka futi 10,000 kilomita 228. Lakini upeo ni mpaka wa jiometria tu, na boti ndogo ya mbao isiyo na chuma inapotea kwenye mawimbi mapema sana kabla ya hapo. Nchi kavu, ulizia uwezo wa rada kuona vitu vinavyotembea, na dai umbali kwa mtu anayekwenda kwa miguu, kwani namba wanayoitangaza kwa kawaida ni ya gari. Mtembea kwa miguu mara nyingi yuko chini ya mwendo ambao rada inaweza kuutofautisha na majani yanayopepea.

Baharini ongeza kipokezi cha AIS, mtambo wa redio ambao meli hutangazia jina lake na mahali ilipo. Kanuni za kimataifa zinataka meli za tani 300 na kuendelea zinazokwenda safari za nje zijitangaze kwa mtambo huo. Wa magendo hajitangazi, na ndiyo faida yake: rada ikionesha chombo ambacho AIS haikitaji, geuza kamera huko kwanza.

Hatua ya 5: Kaa kwenye kiti cha nyuma

Kaa kweli. Funga mkanda, weka miguu chini ya meza, washa skrini, na umwombe rubani azunguke kwa saa moja upande uleule. Utajifunza mengi ambayo karatasi haisemi. Jua linapiga skrini kutoka dirisha la kulia? Unaweza kunywa maji bila kumwagia kibodi? Kuna choo, au saa tano zitaishia kwenye chupa? Joto likoje ndege ikiwa chini inasubiri ruhusa ya kuruka? Anayekaa kando kwenye duara la mfululizo anaweza kutapika, na mtu anayetapika haoni skrini. Waendesha kamera wapokezane kila nusu saa au zaidi kidogo, kwa hiyo wawe wawili na wote wafikie mitambo bila kurukana.

Umeme ni mahali wataalamu wa ununuzi hupitwa. Jenereta ya volti 28 na ampea 200 inatoa wati 5,600. Toa mahitaji ya ndege yenyewe, toa asilimia 20 ya akiba, na ghafla rada, kamera, kompyuta mbili, mtambo wa setilaiti na kiyoyozi vinagombea wati 2,500 hivi. Kiyoyozi cha umeme peke yake kinaweza kuvuta kuliko rada. Dai jedwali la umeme la mitambo yote ikiwa imewashwa kwa pamoja, mchana wa joto.

Picha ishuke vipi? Kuna njia ya redio ya moja kwa moja, nyepesi na nafuu, inayofanya kazi ndege na kituo vikionana bila mlima katikati. Kuna setilaiti, inayofika popote lakini ina bili ya kila mwezi isiyoisha. Anza na swali: nani anahitaji video kamili? Askari kwenye gari mara nyingi anahitaji nukta kwenye ramani na sauti tulivu inayosema "wako mita 200 kushoto kwako, wamesimama". Hilo hupita kwenye njia nyembamba. Video ya kupendeza kwenye ukuta wa makao makuu hufaa, ila inawafanya wakubwa waongoze doria kutoka kwenye sofa, na sijaona ikileta kheri.

Rekodi ihifadhiwe pamoja na saa, mahali ndege ilipo na mahali kamera ilipoelekea, kwa muundo wa wazi kama STANAG 4609, kiwango cha video cha NATO, ili isomeke hata na programu ya kampuni nyingine. Mahakamani wakili wa utetezi atauliza nani aliigusa faili hiyo kati ya ndege na kizimbani. Mfumo usiotunza kumbukumbu ya kila aliyenakili unampa zawadi. Amua pia mapema picha za watu wasiohusika zinafutwa baada ya siku ngapi, na nani anaruhusiwa kuelekeza kamera kwenye makazi ya watu.

Hatua ya 6: Sasa chagua ndege

Ukifika hapa orodha imekwisha kujipunguza.

Ndege ndogo za injini mbili za dizeli, kama Diamond DA42 na DA62, hunywa kidogo, zina sauti ya chini na hutumia Jet A-1, mafuta yaleyale ya ndege kubwa. Hilo ni jambo kubwa, kwani petroli ya ndege ni taabu kuipata kwenye viwanja vingi vya pembezoni. Udhaifu wake ni nafasi: watu wawili au watatu, mitambo michache, na hakuna kubeba majeruhi kwa raha.

Cessna 208 Caravan ni punda wa kazi. Bawa liko juu kwa hiyo madirisha yanaona chini, magurudumu yanavumilia kiwanja cha vumbi, na mlango mpana wa nyuma unapitisha machela au maboya ya kuokolea. Haina kabini yenye mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kukaa juu sana kwa muda mrefu kunataka oksijeni ya kuvaa. Pilatus PC-12 inao mgandamizo huo na inapanda hadi futi 30,000, ila bawa lake liko chini na linaziba macho ya aliye dirishani. Zote zina injini moja. Injini hizo zina sifa nzuri ya kutegemewa, lakini kama doria zako ni za usiku juu ya ziwa kubwa au msitu usio na uwazi, uamuzi huo ufanywe na watakaorushwa, si na mhasibu.

Beechcraft King Air 350 ndiyo njia ya kati ambayo wengi huishia. Ina injini mbili, inafika haraka, inapanda hadi futi 35,000, na shirika la forodha na ulinzi wa mipaka la Marekani, CBP, linaitumia kwa nchi kavu na baharini. Kwa bahari pana kuna Dash 8, ATR 42, na kwa kazi nzito zaidi P-3 Orion. Hizo usiziguse kama huna bahari ya kuzihitaji. Zina njaa ya mafuta, ya mafundi na ya hanga.

Helikopta hutua kando ya askari, hilo hakuna ndege ya mabawa italiweza. Lakini muda wake angani ni mfupi na saa yake ni ghali. Itumie kukamata, usiifanye ya kutafuta.

Droni zinastahili maneno zaidi. Droni kubwa kama MQ-9 au Heron hukaa angani zaidi ya nusu siku bila mtu kuchoka ndani yake. Hazimalizi haja ya wafanyakazi, zinawahamishia chini tu: marubani wa zamu, waendesha kamera, mafundi, watu wa setilaiti, na ruhusa ya kuruka kwenye anga linalopitwa na ndege za abiria. Aprili 2006 CBP ilipoteza droni yake aina ya Predator B karibu na Nogales, Arizona. Meza ya rubani iliganda, akahamia meza ya pili iliyokuwa ya mwendesha kamera. Wenzo ambao kwa mwendesha kamera ulikuwa wa kurekebisha mwanga wa kamera, kwa rubani ulikuwa wa mafuta. Haukuwa umelinganishwa na ule wa meza ya kwanza, ukakata mafuta, injini ikazima. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya ajali za usafiri, walibaini kwamba utaratibu wa kukagua kabla ya kuhama haukufuatwa. Kiti cha nyuma tena, safari hii kikiwa chini, kwenye kontena la kuendeshea droni.

Droni ndogo za mkononi ni habari nyingine kabisa, na karibu kila kituo kinafaa kuwa nazo: zinaangalia kilima cha mbele wakati ndege imekwisha kurudi kujaza mafuta.

Hatua ya 7: Sheria kabla ya saini

Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 3, unazihesabu ndege za jeshi, forodha na polisi kuwa ndege za serikali, na unazikataza kuruka juu ya nchi nyingine bila ruhusa. Mpaka ni mstari mwembamba, na duara la ndege ni pana. Weka ukanda wa usalama ndani ya nchi yako, na hakikisha kamera inaweza kutazama kwa mshazari kutoka huko. Hilo linarudi kwenye hesabu ya hatua ya 4: ukanda wa kilomita tatu unakuongezea kilomita kwenye umbali wa kamera. Andika pia makubaliano na jirani ya nini kitafanyika ndege ikimfuatilia mtu hadi mstarini.

Kutoboa mwili wa ndege ili kufunga kamera au rada kunataka kibali cha mamlaka ya anga kinachobadili cheti cha aina ya ndege. Uliza kama kibali hicho kipo tayari kwa ndege na kamera hiyo kwa pamoja. "Kinashughulikiwa" maana yake utasubiri. Vilevile kamera kali za joto ni bidhaa ambazo nchi zinazozitengeneza hudhibiti uuzaji wake nje. Kibali kinaweza kukaa miezi mingi, na kinaweza kukufunga hata ukitaka kuirudisha kiwandani kutengenezwa.

Hatua ya 8: Bei ya saa, na swali la kukodi

Bei ya kununua ni mlango tu. Ndani kuna mafuta, ukaguzi, injini kufunguliwa upya baada ya saa kadhaa elfu, vipuri, bima, setilaiti, mishahara na mafunzo. Jumlisha vyote kwa miaka 20, gawa kwa saa utakazoruka kweli.

Mfano wa kujifunzia upo wazi. Mwishoni mwa 2014 mkaguzi wa ndani wa wizara ya usalama wa nchi ya Marekani alichapisha ripoti kuhusu droni za CBP. Shirika lilisema saa moja inagharimu dola 2,468. Mkaguzi alipoingiza marubani, vifaa na gharama za uendeshaji zilizoachwa nje, alipata dola 12,255. Na saa zilizopangwa kwa mwaka zilikuwa 23,296, zikarushwa 5,102, yaani asilimia 22. Kama wenye bajeti hiyo walijikuta hapo, wewe weka makadirio ya saa kwa unyenyekevu.

Kukodi huduma si aibu. Frontex, shirika la mipaka la Umoja wa Ulaya, limekuwa likilipa kampuni za ndege kwa saa tangu 2017 na kupokea picha makao makuu yake Warsaw, na Australia imetumia wakandarasi kwa doria za pwani yake miaka mingi. Kampuni inaleta ndege, marubani na mafundi, wewe unaweka maofisa wako kwenye kiti cha nyuma. Inafaa sana kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo, kabla hujajua kazi yako halisi ni ipi. Ila kwenye mkataba andika kwamba rekodi zote ni mali ya serikali, na kwamba saa inaanza kuhesabiwa ndege ikiwa eneo la doria. Wakitaka kulipwa nauli, walipwe kwa kiwango cha nauli.

Kama unanunua, kumbuka mwili wa ndege utaishi miaka 25 lakini kamera itazeeka ndani ya kumi. Dai mitambo inayoweza kung'olewa na kuwekwa ya kampuni nyingine bila kumrudia muuzaji wa kwanza kwa magoti.

Hatua ya 9: Zabuni na jaribio

Usinakili vipimo kutoka kwenye kipeperushi cha mtu mmoja. Andika kazi: "imtambue mtu mzima anayetembea na mzigo mgongoni, usiku, kutoka umbali wa mshazari wa kilomita 4, imfuatilie dakika 90, na impe askari wa chini mahali alipo kwa kosa lisilozidi mita 20." Acha kampuni zishindane namna ya kulifikia.

Kisha zirushwe kwako, kwenye ardhi yako. Niliwahi kuhudhuria onesho ambalo muuzaji alichagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ardhi ilikuwa baridi, watu waling'aa kwenye skrini kama mishumaa, kila mtu akapiga makofi. Tukaomba irudiwe saa nane mchana. Watatu wetu tukaingia kwenye nyasi za kimo cha kiuno tukatembea taratibu. Ardhi ilikuwa na joto la mwili. Mwendesha kamera wao, mzoefu kabisa, alitupita mara mbili, na mara ya tatu alimfuata mbuzi. Kamera haikuwa mbovu. Ila bei ilishuka siku ileile, na mafunzo ya waendesha kamera yakaongezwa wiki tatu.

Panga jaribio lako hivyo: mchana wa joto, usiku wa mvua kidogo, boti ya mbao, pikipiki bila taa, mtu mmoja na kundi. Waendesha kamera wawe wako, hata kama hawajazoea. Weka askari chini wenye kinasa sauti wajue ndege inaanza kusikika umbali gani. Wanaopima wasijue walengwa wako wapi.

Hatua ya 10: Siku ya kupokea

Zuia sehemu ya malipo ya mwisho, na ifunguliwe kwa safari moja kamili: ndege yako, marubani wako, fundi wako akiwa amebadilisha kifaa kimoja kwa zana zenu wenyewe, doria ya usiku iliyowaongoza askari hadi kwa "walanguzi" wa kuigiza, na asubuhi yake faili la video likiwa mezani kwa mwendesha mashtaka, likifunguka kwenye kompyuta yake ya kawaida, likionesha saa, mahali na jina la kila aliyelishika.

Faili lisipofunguka, usisaini.